Kutoonekana Kwenye Kompyuta Si Kutokuwapo

KATIKA miji yetu kuna maneno machache ambayo siku hizi yana nguvu kuliko muhuri wa ofisi. Mtu anafika dirishani, awe amefuata kiinua mgongo chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya kiwanja au matokeo ya mtihani. Anataja jina. Kijana aliye nyuma ya kioo anabonyeza vitufe, anasubiri kidogo, kisha anainua macho na kusema: "Mzee, jina lako halipo kwenye kompyuta." Mzee atajibu, "Mwanangu, hebu angalia tena." Kijana ataangalia tena kwa njia ile ile, na kompyuta itampa jibu lile lile. Hapo mazungumzo yamekwisha, na mzee ataondoka na bahasha yake mkononi akijiuliza kama kweli aliwahi kuajiriwa.

Wapenzi wasikilizaji, na ninyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya hapa gazetini, juma hili napenda tuyachambue maneno hayo ya dirishani. Yule kijana hasemi uongo. Lakini pia hasemi kweli yote, na mara nyingi hata yeye hajui kwamba hasemi kweli yote. Alichopaswa kusema ni hiki: "Mzee, nimetafuta kwenye faharasa, sikukuona." Kati ya kutoonekana kwenye faharasa na kutokuwapo kabisa kuna umbali mkubwa, na ndani ya umbali huo haki za watu hupotea.

VITABU VIWILI

Mfumo wa kompyuta wenye kumbukumbu nyingi huwa na vitabu viwili, ijapokuwa anayeutumia haoni ila kimoja. Kitabu cha kwanza ni kumbukumbu zenyewe: majina, tarehe, namba za hati, malipo. Ghala hili la kumbukumbu wataalamu wetu wameliita kanzidata. Kitabu cha pili ni faharasa, yaani orodha iliyotengenezwa ili kurahisisha kutafuta yaliyomo katika kile cha kwanza.

Waliopata kufanya kazi masjala wataelewa upesi. Majalada yamepangwa kabatini kwa namba. Mezani kwa karani kuna sanduku la kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Ukimtajia jina, karani haendi kabatini, bali anapekua kadi. Kadi ikipatikana inampa namba, na namba inampeleka kwenye jalada. Kadi isipopatikana atakwambia hakuna jalada, hata kama jalada lako limelala kabatini hatua tatu nyuma ya kiti chake.

Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi kubwa zaidi. Tuseme kanzidata ina kumbukumbu tatu. Namba 101 ni Asha Juma wa Tanga. Namba 102 ni Juma Hamisi wa Mwanza. Namba 103 ni Asha Hamisi wa Tanga. Programu ya kutafutia huzigeuza kumbukumbu hizo na kuandika kila neno na namba zake. Asha: 101 na 103. Hamisi: 102 na 103. Juma: 101 na 102. Tanga: 101 na 103. Mwanza: 102. Ukiandika "Asha Hamisi," kompyuta haisomi kumbukumbu zote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inachukua orodha ya Asha na orodha ya Hamisi, inatazama namba iliyomo katika zote mbili, inapata 103. Kwa njia hiyo kumbukumbu milioni kadhaa hutafutwa katika muda wa kupepesa jicho.

Sasa chukulia kwamba namba 103 haikuandikwa mbele ya neno Hamisi. Asha Hamisi yumo kwenye kanzidata, jina lake halina kosa hata la herufi moja, malipo yake yamo. Lakini kila atakayemtafuta kwa majina yake mawili ataambiwa hayupo.

Ufundi huu wa kugeuza maandishi yawe orodha ya maneno na mahali pake haukuanza na kompyuta. Katika karne ya 13 mjini Paris, watawa wa Kidominiko chini ya uongozi wa Hugh wa Saint-Cher walitengeneza orodha ya maneno ya Biblia ya Kilatini, na kila neno likaonyeshwa kitabu na sura linamopatikana. Kwa kuwa sura hazikuwa bado zimegawanywa katika aya kama tuzijuavyo leo, waliigawa kila sura katika sehemu saba na kuzipa herufi kuanzia A hadi G. Ilikuwa kazi kubwa, lakini watawa wale walikuwa na nafuu moja ambayo sisi hatuna. Maandiko waliyokuwa wakiyaorodhesha hayakubadilika usiku walipolala. Orodha ikishahakikiwa, basi. Kanzidata ya leo inabadilika kila dakika: huyu kazaliwa, yule kafariki, mwingine kahama, mwingine kaolewa na kubadili jina. Kila badiliko la kitabu cha kwanza lazima lifike katika kitabu cha pili, la sivyo vitabu hivi vitaanza kutengana.

VINATENGANAJE?

Wengi wetu hudhani kwamba kompyuta ikishapokea jambo, jambo hilo linajulikana kila mahali ndani yake. Sivyo. Kwa kawaida kumbukumbu mpya huandikwa kwanza katika kanzidata, kisha ujumbe hutumwa kwa programu ya kutafutia ili nayo iandike upande wake. Hizo ni kazi mbili, na kati ya kazi mbili daima kuna mwanya.

Umeme ukikatika katika mwanya huo, kumbukumbu imeshaingia lakini faharasa haina habari. Mtandao ukiyumba, ujumbe hupotea njiani. Wakati mwingine jumbe mbili za mtu mmoja hupishana: anwani mpya inafika kwanza, ya zamani inafika nyuma yake na kuifuta ile mpya. Wakati mwingine kumbukumbu ina tarehe iliyoandikwa vibaya, programu ya kutafutia inaikataa, inaandika lalamiko lake katika faili ambalo hakuna anayelisoma, na kazi inaendelea. Na yapo makosa ya upande wa pili: mtu amefutwa katika kanzidata, lakini ujumbe wa kumfuta haukufika, naye anaendelea kuonekana kwa kila anayemtafuta.

Kwa hiyo makosa yako ya aina tatu, nayo yafaa tuyakariri. La kwanza ni waliokosekana: wamo kwenye kanzidata, hawamo kwenye faharasa. La pili ni hewa: wamo kwenye faharasa, hawamo kwenye kanzidata. La tatu ni waliopitwa na wakati: wamo kote kuwili, lakini faharasa inasema ya mwaka juzi.

Baadhi ya tofauti ni za kawaida na za muda mfupi. Programu ya Elasticsearch, iliyotolewa mwaka 2010 na inayotumika na mashirika mengi duniani, kwa mpango wake wa kawaida huacha kiasi cha sekunde 1 kabla ya badiliko kuanza kuonekana kwa anayetafuta. Hilo halimdhuru mtu. Linalodhuru ni tofauti inayokaa miezi na miaka bila mtu yeyote kuiona, kwa sababu jambo lililokosekana halipigi kelele. Kompyuta iliyoharibika huonyesha kosa. Faharasa yenye upungufu hutoa jibu zuri, la haraka, lisilo kweli.

WAGONJWA 15,841

Hebu tutazame mfano mmoja uliojulikana dunia nzima. Haukuhusu faharasa ya kutafutia hasa, bali kumbukumbu zilizohamishwa kutoka chanzo chake kwenda kwenye mfumo mwingine, na kanuni yake ni moja na hii tunayoizungumza.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, maabara za Uingereza zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa shirika la serikali la afya ya jamii. Faili za maabara zilikuwa kamili. Lakini katika kuzihamisha zilipitishwa kwenye programu ya Excel kwa muundo wake wa zamani, ambao ukurasa wake mmoja hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mstari wa 65,537 na yote iliyofuata ilikosa nafasi ikaachwa. Hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Matokeo yake, watu 15,841 waliokutwa na virusi kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba mwaka huo hawakuingizwa katika hesabu za kila siku. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Lakini wale waliokaa nao, waliosafiri nao na kula nao, ambao walipaswa kutafutwa na kuambiwa wajitenge, walichelewa kutafutwa, wakati kila siku moja ina thamani yake katika kuzuia maambukizi. Nchi yenye wataalamu wengi na kompyuta nyingi iliponzwa na kukosekana kwa swali ambalo hata mwenye duka la rejareja huliuliza jioni: Yaliyotoka kule ni mangapi, na yaliyofika hapa ni mangapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa zama hizi yafaa tuongeze kwamba hata yenye daftari hupotea, kama daftari lenyewe halihakikiwi.

KUHESABU NI MWANZO TU

Basi uhakiki hufanywaje? Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kanzidata ina kumbukumbu ngapi, faharasa ina ngapi? Hesabu zisipolingana, kuna kasoro, wala hakuna haja ya mjadala.

Lakini hesabu zikilingana, usishangilie. Katika kituo kimoja cha redio nilichopata kufanyia kazi, tulikuwa na chumba cha kanda za sauti na sanduku la kadi zake. Mwisho wa mwaka mtunza chumba alihesabu kadi, akahesabu kanda, hesabu zikawa sawa, akaandika taarifa kwamba kila kitu kiko sahihi. Tulipokuja kutafuta kanda moja ya mahojiano ya zamani, kadi ilikuwapo, kanda hakuna. Ndipo kadi na kanda zikapitiwa moja moja, ikaonekana kwamba kulikuwa na kadi kadhaa zisizo na kanda, na kanda kadhaa zisizo na kadi. Kasoro za huku zilikuwa zimefunika kasoro za kule. Jumla ilikuwa sahihi, na ndani yake hamkuwa na usahihi.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kulinganisha namba za utambulisho, moja kwa moja, na kwa pande zote mbili. Orodha zote mbili hupangwa kwa mfuatano, kisha kompyuta huzipitia kama mtu mwenye vidole viwili, kidole kimoja huku na kimoja kule. Namba zikifanana, vidole vyote vinashuka. Kukiwa na namba huku ambayo kule haipo, inaandikwa pembeni. Mwishoni unapata orodha mbili: ya waliokosekana na ya hewa. Anayelinganisha kwa upande mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

Hapa kuna tatizo la wakati. Unapolinganisha, kanzidata haijasimama kukungoja, nayo inaendelea kupokea mapya. Ndiyo maana mafundi huchagua saa ya mwisho, kwa mfano saa sita kamili usiku, na kulinganisha tu yaliyoingia kabla ya hapo. Kisha tofauti zote walizopata huzipima tena baada ya dakika kadhaa. Zilizojirekebisha zilikuwa njiani tu. Zinazobaki ndizo kasoro za kweli.

Hatua ya tatu ni kulinganisha yaliyomo, kwa sababu ile aina ya tatu ya kosa, ya waliopitwa na wakati, haionekani kwa namba za utambulisho. Kumlinganisha kila mtu neno kwa neno ni kazi nzito. Badala yake kompyuta hukokotoa kitu mfano wa alama ya kidole gumba kwa kila kumbukumbu. Kanuni moja maarufu iitwayo SHA-256 huchukua maandishi ya urefu wowote na kutoa alama yenye herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha herufi moja tu katika maandishi, ukaandika Hamis badala ya Hamisi, alama yote hubadilika. Kwa hiyo badala ya kulinganisha kurasa na kurasa, unalinganisha alama na alama.

Na kama kumbukumbu ni mamilioni? Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Ralph Merkle, aliomba hataza ya njia ambayo leo inajulikana kwa jina lake, mti wa Merkle. Alama mbili huunganishwa na kukokotolewa alama moja. Hizo nazo huunganishwa mbili mbili, hadi juu kabisa ibaki alama moja inayowakilisha zote. Ukitaka kulinganisha maghala mawili, anza na alama ya juu. Zikifanana, umemaliza. Zikitofautiana, shuka ngazi moja utazame ni nusu ipi yenye kasoro, kisha nusu ya nusu hiyo, na kuendelea. Katika kumbukumbu 1,048,576, kasoro moja hunaswa kwa kushuka ngazi 20 tu. Kampuni ya Amazon ilieleza mwaka 2007 kwamba inatumia njia hii kulinganisha nakala za data zake katika mfumo wake wa Dynamo.

SAMPULI INAYODANGANYA

Ofisi nyingine zitasema hazina mafundi wala muda wa yote hayo, zinachukua sampuli tu. Si vibaya, mradi sampuli ichukuliwe kwa akili.

Kwanza, sampuli ichukuliwe wapi? Nimewahi kusikia ofisa akijigamba kwamba alichukua majina 100 kwenye kompyuta akayakagua, yote yakawa sawa. Aliyachukua wapi? Kwenye kisanduku cha kutafutia. Mpenzi msomaji, mtu huyo amekagua wanaoonekana ili kujua kama wanaonekana. Ni sawa na mwalimu anayetaka kujua watoro, akasimama mbele ya darasa na kusema, "Asiyekuwapo anyooshe mkono." Waliokosekana huwezi kuwapata kwa kuanzia kwenye faharasa. Ni lazima uanzie kwenye kanzidata, uchukue majina bila kuchagua, kisha uyatafute. Na ukitaka kuwanasa hewa, hapo ndipo unapoanzia kwenye faharasa na kurudi kwenye kanzidata. Sampuli ni mbili, si moja.

Pili, sampuli inathibitisha nini? Wanatakwimu wana kanuni rahisi. Ukikagua kumbukumbu 300 zilizochukuliwa kwa bahati nasibu na usikute kasoro hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kasoro hazizidi kiasi cha 1 katika kila 100. Maneno hayo yanapendeza katika taarifa ya ofisi. Lakini kama kumbukumbu ni milioni 1, moja katika kila mia ni watu 10,000. Sampuli safi bado inaweza kuacha nje watu wa kujaza uwanja wa mpira. Inatosha kwa kuona mwelekeo. Haitoshi kwa kumnyima mtu haki yake.

MAJINA YETU NA LUGHA YETU

Ipo hatua ya nne, nayo kwetu watu wa Kiswahili ina uzito wa pekee. Faharasa inaweza kuwa kamili, kila namba imo, kila alama inalingana, na bado mtu asionekane. Sababu ni kanuni zinazotumika kukata na kuandika maneno.

Programu nyingi za kutafutia zilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Programu hukata mwisho wa neno, na umoja na wingi hukutana. Kiswahili hubadilika mwanzoni: kitabu, vitabu, mtu, watu, jalada, majalada. Anayetafuta "mkataba" katika mfumo usiojua jambo hili hataonyeshwa nyaraka zilizoandikwa "mikataba" tu. Hazikupotea. Zimo, lakini programu inayaona maneno hayo mawili kama yasiyo na udugu.

Majina ndiyo yenye shida zaidi. Mohamed, Mohammed na Muhammad; Saleh na Swaleh; Zainab na Zainabu; Hamis na Hamisi. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa, ya pili kwenye cheti cha shule na ya tatu kwenye barua ya ajira, na zote aliziandika karani, si yeye. Kadhalika mpangilio: mmoja ameandikwa kwa jina la babu mwanzoni, mwingine mwishoni.

Kwa hiyo uhakiki usiishie kwenye namba. Chukua kumbukumbu kutoka kanzidata, kisha mtafute mwenyewe kama raia angejitaja dirishani, kwa mdomo, kwa tahajia ya kawaida. Usipompata, faharasa imeshindwa kazi yake, hata kama hesabu zote zinalingana. Faharasa imewekwa kwa ajili ya anayetafuta, na kipimo chake ni kama huyo anayetafuta anapata.

TOFAUTI INAYORUHUSIWA

Msikilizaji makini atauliza: Je, vitabu hivi viwili lazima vilingane daima? Hapana. Zipo kumbukumbu ambazo kwa haki hazipaswi kuonekana kwa kila mtafutaji, kama vile kesi za watoto au majalada ya wagonjwa.

Tarehe 13 Mei 2014, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi mkubwa kuhusu jambo hili katika kesi kati ya Google na raia mmoja wa Hispania. Gazeti moja la huko lilikuwa limechapisha mwaka 1998 tangazo la mnada uliotokana na madeni yake. Miaka mingi baadaye, deni likiwa limekwisha, jina lake likitafutwa tangazo lile lilijitokeza. Mahakama iliamua kwamba mtu anaweza kudai kiungo cha namna hiyo kiondolewe katika matokeo ya kulitafuta jina lake, hata kama habari yenyewe inabaki kihalali katika kurasa za gazeti. Kitabu cha kwanza kikabaki, mstari wa kitabu cha pili ukafutwa, na kufutwa huko peke yake kulikuwa na maana kubwa katika maisha ya mtu.

Fundisho lake ni kwamba tofauti halali iwe na orodha yake: nini kimefichwa, kwa amri ya nani, tangu lini. Mkaguzi akiikuta tofauti, ailinganishe na orodha hiyo. Iliyomo, sawa. Isiyomo ni kasoro, au ni mkono wa mtu.

Aidha, tusije tukadhani kwamba vitabu vikilingana basi tumeufikia ukweli. Vinaweza kulingana na vyote vikakosea. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watumishi hewa zaidi ya 10,000 wamegunduliwa na kuondolewa katika orodha ya mishahara. Hewa wale hawakuwa kosa la faharasa. Walikuwa wameandikwa katika kitabu cha kwanza chenyewe, na kompyuta ingewatafuta na kuwaona bila wasiwasi. Kuwagundua kulihitaji kwenda kuwahesabu watu katika vituo vyao vya kazi. Kulinganisha faharasa na kanzidata ni uhakiki mmoja. Kulinganisha kanzidata na maisha ya watu ni uhakiki wa pili. Wa kwanza hauondoi haja ya wa pili.

TUFANYEJE?

Kwa wakuu wa ofisi zenye mifumo hii, ushauri ni mfupi. Hesabu zilinganishwe kila siku. Ulinganisho wa pande zote mbili ufanywe kwa ratiba, si mpaka mtu alalamike. Kasoro zikionekana, kanzidata ndiyo hakimu: kinachorekebishwa ni faharasa. Ikibidi faharasa ijengwe upya, ya zamani isizimwe kabla mpya haijahakikiwa. Na kila kasoro iandikwe chanzo chake, kwa sababu ukirekebisha mstari mmoja bila kujua mwanya ulioupoteza, kesho utapotea mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa kijana wa dirishani: utafutaji wa jina ukishindikana, tafuta kwa namba. Namba ikishindikana, jaribu tahajia nyingine. Hiyo nayo ikishindikana, omba mwenye dhamana aangalie kwenye kanzidata yenyewe, au kwenye rejista ya karatasi kama bado ipo. Neno "halipo" liwe la mwisho kabisa, na lisemwe na mtu aliyefika hadi ghalani.

Na wewe raia, usiondoke dirishani na neno hilo peke yake. Uliza kwa heshima: Umetafuta kwa jina au kwa namba? Umetafuta kwenye orodha ya kutafutia au kwenye kumbukumbu zenyewe? Naweza kupata jibu hilo kwa maandishi, likiwa na tarehe? Tunza nakala za hati zako, na uandike mahali namba zake, maana namba haina tahajia tatu kama jina. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.

Kompyuta imetupunguzia foleni na vumbi la majalada, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Tunachodai ni kitu kidogo: kabla mashine haijamwambia mtu kwamba hayupo, awepo mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mashine imetazama kila mahali.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, nawatakia kila la heri.